Sura ya Saba: Choo Kiko Wapi?

Basi la kwenda Morogoro na mikoa ya mbele likishapita Mlandizi na kuvuka mto Ruvu, mahali panapofuata ambapo kila dereva anapajua ni Vigwaza. Hapo pana mizani. Malori ya Tunduma na Congo yanajipanga, mabasi nayo yanasubiri zamu, na siku ya foleni ndefu abiria hukaa wakitazama migongo ya matela. Wengi hutumia muda huo kununua maji dirishani. Kwa abiria mwenye kolaitisi ya vidonda, muda huo ni mateso. Tumbo linakata, haja imeshafika mlangoni, na konda amekwisha kusema neno lake: "Vumilia kidogo, tutachimba dawa mbele huko."

Huyu hawezi kuvumilia, na hilo halihusiani na adabu wala ujasiri. Sehemu ya mwisho ya utumbo wake, ambayo kwa mtu mzima hutunza kinyesi mpaka mwenyewe aamue, imevimba na kuchubuka hata imeshindwa kutanuka. Ikipata kiasi kidogo tu cha damu na ute, inatuma taarifa ileile ambayo utumbo hutuma ukiwa umejaa. Ana dakika chache mno. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii hupanda gari akiwa ameipima barabara nzima kwa vyoo vyake: kituo cha Magufuli pale Mbezi, sheli za Kibaha, Mlandizi, kisha Chalinze, kisha Msamvu. Baina ya kimoja na kingine anaomba Mungu. Wapo wasiotia kitu kinywani tangu jana yake ili wafike salama. Wapo walioacha kusafiri kabisa, na misiba ya ndugu zao wanaisikia kwenye simu.

Vitabu vya tiba vikieleza ugonjwa huu huanzia kwenye utumbo. Mimi nimeanzia barabarani kwa sababu huko ndiko mgonjwa anakougulia. Lakini utumbo nao tuutazame, maana asiyeujua atadhani haya ni tumbo la kuharisha la kawaida.

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu. Hufyonza maji na chumvi kutoka kwenye mabaki ya chakula na kuyaacha yawe kinyesi. Ndani umefunikwa na utando mwororo, wa rangi ya waridi, unaong'aa, na ukiutazama kwa kamera unaona mishipa myembamba ya damu ikipita chini yake. Katika kolaitisi ya vidonda, kinga ya mwili inaushambulia utando huo. Unakuwa mwekundu, mishipa ile haionekani tena, damu inatoka ukiguswa kidogo tu, na mwishowe panachimbika vidonda vyenye usaha wa manjano. Ni kama ngozi iliyobabuka kwa maji ya moto. Shambulio huanzia kwenye puru, karibu kabisa na njia ya haja kubwa, kisha hupanda juu bila kuruka mahali. Kuna wagonjwa ambao kwao hukomea palepale kwenye puru, wengine hufika upande wote wa kushoto wa tumbo, na wengine huenea utumbo mpana mzima. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ni tofauti: huo unaweza kushika popote tangu kinywani, huruka sehemu nyingine, na huchimba ukuta wote wa utumbo badala ya utando wa juu tu.

Dalili yenyewe kuu ni damu. Mgonjwa anaharisha choo chenye damu na ute, mara nne, mara kumi, na zaidi kwa siku. Anaenda chooni, anakaa, anatoa damu kidogo na hewa, anainuka, na kabla hajafunga khanga au mkanda haja imerudi tena. Tumbo linamsokota upande wa kushoto. Usiku anaamshwa, na hilo la kuamshwa ni jambo la kumwambia daktari, kwa sababu tumbo linalovurugwa na wasiwasi peke yake kwa kawaida humwacha mtu alale. Damu inampungua, uzito unashuka, anachoka uchovu usioisha kwa kulala. Kuna ambao maungo nayo yanauma na kuvimba, macho yanakuwa mekundu na kuogopa mwanga, au vinundu vyekundu vyenye maumivu vinatokea miguuni. Yote hayo hutoka kwenye ugonjwa huohuo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, umri wa kusoma, kuoa, kuolewa na kutafuta kazi, ingawa wazee pia hupata.

Sayansi haijapata chanzo kimoja. Urithi una sehemu yake, vimelea wema wanaoishi utumboni wana sehemu yao, na mazingira yana yake. Hauambukizi kwa kula sahani moja, kutumia choo kimoja wala kwa kitanda cha ndoa. Pilipili haiuleti. Wala usiuchanganye na vidonda vya tumbo vya huku juu, vinavyotokana na bakteria wa tumboni na dawa za maumivu. Juisi ya kabichi na vidonge vya kupunguza asidi havina kazi hapa. Kikubwa cha kukumbuka ni kwamba unakuja na kutulia. Unaweza kuwaka miezi miwili, ukazima mwaka mzima, ukawaka tena. Tabia hiyo ya kuzima wenyewe ndiyo inayowatajirisha waganga wa uongo, kwa sababu chochote mgonjwa alichokunywa wiki ile kitapewa sifa.

Kisa cha kwanza kuelezwa na madaktari kilitokea kwenye kesi ya mauaji. Mwaka 1859, huko Uingereza, mwanamke aitwaye Isabella Bankes alifariki baada ya kuharisha na kutapika kwa wiki kadhaa, na mtu aliyekuwa akiishi naye, Thomas Smethurst, alihukumiwa kunyongwa kwa kosa la kumlisha sumu. Daktari Samuel Wilks wa hospitali ya Guy's, London, aliuchunguza utumbo wa marehemu, akaeleza uvimbe na vidonda alivyoviona. Smethurst akasamehewa kifo. Madaktari wa baadaye wamebishana kama ule ulikuwa kolaitisi ya vidonda au Crohn, lakini jina alilolitumia Wilks lilibaki. Nimekileta kisa hiki kwa sababu kwetu pwani bado kinarudiwa karibu kila mwaka katika nyumba fulani: kijana anakonda, anatoa damu, na kabla ya kipimo chochote familia imeshakubaliana kwamba kuna mtu amemlisha kitu. Undugu unavunjika kwa ugonjwa ambao haukuletwa na mkono wa mtu.

Kwa miaka mingi hata wataalamu waliamini kwamba Mwafrika haupati. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, na Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani, wote walifanya kazi Uganda katikati ya karne iliyopita, wakaona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyokuwa yakiwasumbua Wazungu yalikuwa adimu katika hospitali ya Mulago, Kampala. Burkitt akahusisha jambo hilo na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Waliyoyaona yalikuwa ya kweli kwa kiasi kikubwa, lakini adimu si sawa na hakuna. Mwaka 1966 jarida la chama cha madaktari wa Uingereza lilichapisha taarifa ya Billinghurst na Welchman kutoka Uganda kuhusu Waafrika wanne waliokuwa na kolaitisi ya vidonda. Wanne tu, na ilibidi wathibitishe kwa uangalifu kwamba si amiba wala kuhara damu kwa bakteria.

Halafu historia ikatufanyia jaribio ambalo hakuna daktari angethubutu kulipanga. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na idadi kubwa yao, pamoja na wenzao waliotoka Kenya na Tanzania, walihamia mji wa Leicester, Uingereza. Miaka ilipopita, madaktari wa mji ule walihesabu wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, wakakuta watu wenye asili ya Bara Hindi wanaupata zaidi kuliko Wazungu wenyeji. Ugonjwa uliohesabika kuwa nadra Kampala ukawa wa kawaida mahali pengine, kwa watu haohao na watoto wao. Kwa hiyo mtu asitegemee kabila wala rangi yake imlinde. Maisha ya mijini, vyakula vya viwandani, antibaotiki za mara kwa mara utotoni na minyoo kupungua vyote vinatajwa katika mjadala wa kwa nini ugonjwa unaongezeka katika nchi zinazobadilika haraka, na Mkoa wa Pwani, wenye viwanda vya Kibaha, bandari kavu ya Kwala na mji wa Chalinze unaokua, unabadilika haraka.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi. Tuseme kuna dada wa miaka 26, mkazi wa Vigwaza, anauza chakula kwa madereva. Anaanza kuharisha damu. Anaenda zahanati, anapima choo, anaambiwa amiba, anapewa Flagyl. Wiki ya pili damu inapungua, anashukuru. Mwezi wa tatu imerudi. Safari hii anapima damu, anaambiwa taifodi, anachomwa sindano. Kisha shoga yake anamwambia hiyo ni bawasiri, tena yuko mtu ana dawa ya kuipaka na ya kunywa. Anaipaka. Anakunywa. Baadaye anapelekwa kwa mtaalamu wa mambo yasiyoonekana. Wakati huo ameshapungua uzito, majirani wameanza kunong'ona juu ya UKIMWI, na mtaji wa biashara umeishia kwenye dawa.

Kila hatua katika njia hiyo ina sababu yake, na sitaki kumdharau mtu yeyote aliyeipitia. Amiba ipo kweli kwetu, na inaweza kutoboa utumbo na kutunga jipu kwenye ini. Bakteria wa kuhara damu wapo. Kifua kikuu cha utumbo kipo. Kichocho cha pwani kwa kawaida ni kile cha kibofu, lakini Vigwaza na Chalinze wamo wakulima na wafugaji waliotoka kanda ya Ziwa, ambako kichocho cha utumbo kimejaa. Mhudumu wa zahanati anayeanza kutibu yanayotokea zaidi hajakosea. Kosa liko kwenye kurudia. Vifuko vya amiba vikionekana kwenye darubini havitoshi kuthibitisha ugonjwa, maana kuna amiba asiye na madhara anayefanana sura na huyu mbaya. Kipimo cha taifodi kinachofanyika katika maabara nyingi za mitaani nacho kina sifa mbaya ya kusema ndiyo pale ambapo jibu ni hapana. Na bawasiri, kwa kawaida, hutoa damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu. Haileti choo chepesi chenye ute mara kumi kwa siku, wala haimwamshi mtu saa nane za usiku.

Kuna jambo jingine la nyumbani ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha. Vyoo vyetu vingi ni vya shimo. Mtu hakioni kinyesi chake. Damu huanza kuiona siku inapokuwa nyingi kiasi cha kubaki mkononi anapotawadha, au kwenye nguo, na kama taa hakuna hata hapo inampita. Wengi wanaosema "nimeanza mwezi jana" wamekuwa wakivuja damu muda mrefu bila kujua. Ukiharisha zaidi ya wiki mbili, nenda msalani na tochi ya simu.

Dozi moja iliyomalizwa ya amiba inatosha kuwa jaribio. Damu ikiendelea au ikirudi, kinachotakiwa ni kamera. Kutoka Vigwaza, mgonjwa anaweza kuanzia hospitali ya wilaya pale Msoga au Tumbi, Kibaha, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, akaombe barua ya kwenda Mloganzila au Muhimbili, wanakofanya kolonoskopi. Aombe kwa adabu, lakini aombe, na asiondoke bila jibu.

Watu wanakiogopa kipimo hiki kuliko upasuaji, basi nikieleze. Siku moja kabla, unakunywa vimiminika tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya madafu. Jioni unakunywa dawa ya kusafisha utumbo, na usiku huo chumba cha kulala kiwe karibu na choo. Kwa kweli hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kesho yake unavaa gauni la hospitali, unalala ubavu wa kushoto umekunja magoti, unachomwa dawa ya kukutuliza. Mpira mwembamba wenye taa na kamera unapitishwa taratibu, na daktari anatazama kwenye kioo. Unahisi tumbo kujaa hewa. Nusu saa hivi, kazi imekwisha. Vipande vidogo vya nyama vinachukuliwa, huhisi vikikatwa, na vinakwenda maabara kutazamwa kwa darubini. Ni vipande hivyo, pamoja na kile kamera ilichokiona, vinavyotoa jibu.

Haraka ya kutibu bila jibu hilo inaweza kuua. Dawa kubwa ya kuzima moto wa kolaitisi ni prednisoloni, jamii ya kotizoni. Ukimpa mwenye amiba, unamvua kinga na kumwachia amiba utumbo wote. Ukimpa mwenye mnyoo fulani mdogo wa udongoni, unaopenya kupitia miguu pekupeku, unaweza kumfanya mnyoo huyo azaliane mwilini bila kikomo. Kwa hiyo ninapomsikia mtu amenunua prednisoloni dukani bila cheti kwa sababu "ile ya mwanzo ilinisaidia," nashtuka. Ni kweli inasaidia. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walichapisha jaribio la kotizoni kwa wagonjwa zaidi ya 200, na vifo kwa waliougua vikali vilipungua sana. Lakini ni dawa ya kuzima, haimtunzi mtu asiugue tena, na ikitumika miezi mingi inavimbisha uso, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa. Tena haikatwi ghafla. Inapunguzwa hatua kwa hatua.

Dawa za kumtunza mgonjwa ni nyingine. Iliyo kongwe na nafuu kwa bei ni salazopirini, aliyoitengeneza Nanna Svartz, profesa wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1940 akitafuta tiba ya baridi yabisi. Wagonjwa wake wenye matatizo ya utumbo ndio walioonyesha nafuu kubwa. Ina sulfa ndani, hivyo mwenye mzio wa sulfa asiiguse. Na hapa pwani, penye malaria ya vizazi na vizazi, kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Hao damu yao inaweza kupasuka wakiinywa, kwa hiyo kipimo kifanyike kwanza. Mwanamume anayeitumia anaweza kupungukiwa mbegu, na mbegu hurudi akiiacha au akibadilishiwa. Ndoa zimeyumba kwa kutojua hilo tu. Mesalazini ni ya jamii hiyohiyo bila sulfa, ina usumbufu mdogo na bei kubwa zaidi. Ugonjwa ukiwa umekomea kwenye puru, mesalazini ya kuweka njia ya haja kubwa hufanya kazi vizuri kuliko vidonge peke yake. Wanaume wetu wengi huikataa kwa aibu. Ndugu yangu, dawa inawekwa mahali palipo na kidonda.

Zikishindwa hizo, kuna azathioprini, inayochukua miezi miwili au mitatu kabla ya kuonyesha nguvu na inayodai vipimo vya damu mara kwa mara, na kuna dawa za kisasa za drip kama infliximab, ambazo gharama yake kwa mwaka inahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Dawa hizi za drip zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, hivyo hakuna njia ya mkato ya kukwepa kipimo chake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwa wagonjwa hawa pale tu kolonoskopi na mesalazini vitakapokuwa ndani ya kitita cha kawaida. Nawaomba wanaopanga vitita walitazame hilo.

Kuna kitu kimoja cha bure cha kufanya leo: acha diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi za maumivu zinauzwa kila duka la dawa kama peremende, na zinaweza kuwasha ugonjwa uliokuwa umezima. Paracetamol ni salama zaidi.

Chakula kinaleta maswali mengi kuliko dawa. Hakuna chakula kimoja kilicholeta ugonjwa na hakuna kitakachouponya. Ukiwa umewaka, tumbo linapumzika na wali laini, uji mwepesi, ndizi mbivu, viazi mbatata, mayai, samaki wa kuchemsha au wa nazi nyepesi. Makande, mahindi ya kuchoma, kisamvu kigumu, nanasi la Kiwangwa, hivyo visubiri. Ukizima, rudia mlo wa familia kidogo kidogo na uone kipi kinakuudhi. Kisamvu hicho hicho kinaweza kukufaa. Ninachokihofia zaidi ni wale wanaojinyima kila kitu mpaka wakawa wagonjwa wa njaa.

Kuhusu ibada, wengi wa pwani hii ni Waislamu na swali huwa lilelile: nitaswali vipi na damu inatoka? Fiqhi ina mlango wake kwa mwenye udhuru. Anayetokwa na kitu asichoweza kukizuia hujisafisha, hujikinga, hutawadha wakati wa swala ukiingia, kisha anaswali hata kama kitatoka. Mgonjwa ameruhusiwa na Qurani kufungua Ramadhani na kulipa siku nyingine. Kufunga huku unaharisha damu kwenye joto la pwani ni kujidhuru. Mwone shekhe wako, mweleze wazi kama ulivyomweleza daktari, na upange dozi zako kabla ya mwezi kuandama.

Na mimba? Wanawake wenye ugonjwa huu wanazaa. La muhimu ni kubeba mimba ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi kadhaa, na kutoacha dawa kwa hofu, kwa kuwa mesalazini na salazopirini huendelea kutumika wakati wa ujauzito, salazopirini ikifuatana na vidonge vya foliki. Ugonjwa unaowaka ndio unaomdhuru mtoto zaidi kuliko dawa hizi.

Wapo watakaosema mwenye hali hii amekwisha, hafai kazi kubwa. Shinzo Abe wa Japani aliugua tangu akiwa kijana wa shule. Mwaka 2007 alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya mwaka mmoja, na katika hotuba ya kujiuzulu hakuutaja ugonjwa. Siku chache baadaye, akiwa hospitali, ndipo alipoomba radhi kwa kutoeleza hali ya afya yake. Akapata dawa mpya, mesalazini ya aina iliyoanza kupatikana Japani mwaka 2009, akarudi madarakani Desemba 2012. Agosti 2016 alikuwa Nairobi, kwenye mkutano wa sita wa TICAD, ule wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Akawa waziri mkuu aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika historia ya nchi yake, kabla ugonjwa haujawaka tena na kumfanya atangaze kuondoka tarehe 28 Agosti 2020. Safari hiyo aliutaja kwa jina lake. Huyo alikuwa na dawa, madaktari na choo karibu. Dereva wa lori pale Vigwaza akiwa na vitu hivyo vitatu anaweza kuendesha mpaka Lubumbashi.

Choo nakitaja kwa makusudi pamoja na dawa. Mwajiri anayempa mgonjwa ruhusa ya kutoka bila kuuliza, mwalimu mkuu anayemweka mwanafunzi wa bweni karibu na choo, msimamizi wa mtihani anayeelewa, dereva anayesimama pale anapoambiwa "siwezi," wote hao wanatibu. Nawe uliye mgonjwa, mwambie konda kabla gari halijaondoka, mwambie kwa sauti ya chini lakini kwa maneno kamili. Beba nguo ya kubadili, maji ya chupa, mfuko na khanga. Anayejua kwamba amejiandaa hupungukiwa na hofu, na tumbo nalo huona nafuu.

Kuna hatari ambazo hazingoji miadi. Ukiharisha damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, mapigo ya moyo ya haraka au kuishiwa damu, kalazwe siku hiyohiyo. Tumbo likivimba na kuwa gumu ghafla, vivyo hivyo. Utumbo unaweza kutanuka na kupasuka. Wachache kati ya wagonjwa huishia kuondolewa utumbo mpana wote, na kwa hao ugonjwa wa utumbo huwa umekwisha. Kinachobaki ni ama kuishi na mfuko tumboni unaopokea choo, ama kutengenezewa puru mpya kutokana na utumbo mwembamba, njia iliyobuniwa na Parks na Nicholls huko London mwaka 1978. Mifuko hiyo kwetu ni ya taabu kuipata na ghali. Lakini anayeambiwa achague kati ya mfuko na kaburi, namsihi achague mfuko.

Mwisho kuna saratani. Kolaitisi iliyoenea na kuwaka miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, nayo inaweza kukua bila dalili mpya. Kwa hiyo miaka 8 tangu dalili za kwanza, hata kama unajisikia mzima kabisa, kamera inarudiwa, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitano kadiri daktari atakavyoona. Miaka hiyo inahesabiwa tangu damu ilipoanza kuonekana, haihesabiwi tangu ulipopewa jina la ugonjwa. Chukua daftari lako la kliniki sasa hivi, uandike kwenye ukurasa wa kwanza mwezi na mwaka ulioiona damu hiyo kwa mara ya kwanza, na umwonyeshe kila daktari utakayekutana naye.